Bi Sabuni, Aliyekataa Kufungua Mlango

Dada yetu mkubwa, mliyemzoea kwa jina la Bi Sabuni, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba alikuwa fundi cherehani, mama mpishi wa shule, na shule hiyohiyo ndiyo aliyosoma marehemu. Alihitimu uuguzi mwaka 2001.

Alipima homa za wasafiri uwanja wa ndege hadi alipokabidhiwa afya ya kijiji cha wanamichezo wa kimataifa. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa bwalo wanamichezo wakinywa chai, ametega sikio. "Kikohozi cha vumbi nakijua, na cha ugonjwa nakijua," alikuwa akituambia.

Aliolewa tarehe 14 Agosti 2004 na dereva wa lori. Siku ya harusi aliwakagua wapishi kucha, kisha akamgeukia bwana harusi. Shemeji alirudishwa bombani mbele ya wakwe, na mpaka leo ananawa hadi viwiko.

Sasa nimefika pale ambapo baadhi yenu mngependa nipite haraka. Siku mbili kabla ya ufunguzi wa michezo, marehemu aliwatenga waogeleaji sita wenye homa ya mapafu ya kuambukiza, akafunga mlango wa chumba chao kwa ufunguo. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi akamfuata, wapiga picha nyuma yake.

"Mama, wageni wa heshima wameshafika. Hayo ni mafua tu. Fungua."

"Mheshimiwa, sifungui. Hawa wakitoka, tutazika watu."

Mwenyekiti akampokonya funguo, akafungua mwenyewe. Waogeleaji wakaandamana uwanjani na wenzao. Wiki haikuisha, wodi ikafurika. Dada aliwauguza, akaambukizwa, akafariki tarehe 2 Juni akiwa kwenye oksijeni. Jioni hiyo mwenyekiti alisema redioni kwamba wauguzi ndio waliozembea. Nilimsikia, damu ikanichemka, na bado inachemka. Mama ameniomba nisamehe. Nimemjibu labda mwakani.

Marehemu ameacha mama, mume, mabinti wawili na mimi mdogo wake. Mwenyekiti yupo hapa, safu ya mbele, na ameomba kutoa rambirambi na kushika jeneza. Familia imemkatalia yote mawili. Jeneza litabebwa na wale waogeleaji sita, ambao dada aliwauguza wakapona. Mheshimiwa, tafadhali wapishe njia.

Dada, pumzika kwa amani. Yeye asipumzike.