Milango Arobaini na Mmoja ya Bartolomeo Tluway

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Endabash na ndugu mliotoka Olkiloriti tangu alfajiri, familia imemtuma Angela, kitinda mimba wa marehemu, kusoma historia hii, naye amehakiki kila tarehe mara mbili, kwani ndivyo alivyolelewa.

Bartolomeo Tluway alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa Endabash, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Mbulu, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1974 hadi 1980, na kuhitimu kidato cha nne mwaka 1984.

Tarehe 4 Julai 1994 aliajiriwa kuwa mtendaji wa kijiji upande wa Ngorongoro, kijiji chenye vitongoji vinne, akapanga chumba katika kimojawapo, Olkiloriti, ambako alishindwa kuhesabu watu hadi Mzee Moloimet wa huko alipomwambia, “Mtendaji, watoto hawahesabiwi, ni mkosi, wewe fuata milango, kila mlango una mama yake, muulize majina ya waliokunywa maziwa asubuhi, utaandika mpaka wino uishe.” Tangu siku hiyo daftari lake likawa la majina, mlango kwa mlango.

Alifunga ndoa na Sabina tarehe 31 Agosti 1996, wakajaliwa Leonce mwaka 1997, Selina 1999 na Angela 2001.

Mwezi Agosti mwaka huu wa 2023 wakazi walihakikiwa, na kitongoji kitakachoonekana kidogo kilikuwa kiunganishwe na kingine, kipoteze mwenyekiti wake na darasa lake la shikizi, la watoto walio mbali na shule. Bartolomeo aliandika Olkiloriti kaya 41, watu 263, naye mwenyewe akiwemo, lakini orodha iliyobandikwa ilisema kaya 9, watu 61. Maboma ni tisa kweli, na mgeni anaweza kudhani boma zima ni kaya moja, akauliza mlango wa kwanza tu akaondoka, ila nakala ya fomu ya Bartolomeo, yenye muhuri wa kupokelewa, inasema 41, na Angela bado hajapata wa kumweleza hiyo 41 iliishia meza ya nani.

Tarehe 22 Oktoba, akiandaa barua ya pingamizi, alipatwa na kiharusi, akalazwa Karatu, na kufariki Alhamisi tarehe 9 Novemba, saa kumi na moja alfajiri.

Ijumaa alifika msibani mwanamume mwenye koti la kijivu, akamwambia mjane, “Pole Mama, ofisi inaomba lile daftari la marehemu.” Sabina akamjibu, “Ofisi huomba kwa barua, baba, wewe kunywa chai kwanza.” Chai aliiacha, na jina hakuacha. Familia haimtuhumu mtu, ila inatangaza kwamba daftari halimo jenezani, kinyume na inavyonong’onwa, nakala moja anayo Mzee Moloimet, na keshokutwa Jumatano pingamizi linapelekwa kwa mkono, kwa kusainiana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, watendaji wenzake waliochimba kaburi, na akina mama wa Olkiloriti walioleta maziwa.

Jana jioni Angela alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akapiga mstari mmoja juu ya jina la mpangaji wa mlango wa arobaini na moja, akaandika tarehe pembeni. Wamebaki 262, hawajawahi kuwa 61. Baba, hesabu yako tumeipokea, pumzika kwa amani.