Mkunga Aliyepima Mara Mbili

Ndugu zetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza mama, mimi ni binti yake wa kwanza, familia imenipa karatasi hii niisome, nami nitaisoma polepole kadiri Mungu atakavyonipa nguvu.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, akiwa mtoto wa nne wa mlinzi wa ghala na muuza maziwa, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akaingia chuo cha wauguzi mwaka 1968, akahitimu ukunga tarehe 20 Novemba 1971, na Januari iliyofuata akaanza kazi katika kituo cha afya ambacho hakukiacha mpaka alipostaafu.

Tarehe 6 Agosti 1975, siku ambayo foleni ilifika hadi nje ya geti, mama alimpima mjamzito wa miezi tisa bila kumwambia aende msalani kwanza, kibofu kilikuwa kimejaa, vidole vikakutana na kitu cha mviringo chini ya tumbo, akaandika kwenye kadi kwamba kichwa kiko chini, akamruhusu akasubiri uchungu nyumbani. Siku ya tano mama yule alirudi mguu wa mtoto ukiwa umetangulia, na mtoto hakuishi. Mganga wa kituo alimshauri aandike kwamba mtoto aligeuka baadaye, kwani watoto hugeuka na hakuna ambaye angejua, lakini mama alikataa, akaandika kwa mkono wake, "Nilikosea kupima," kisha akaenda kwa miguu hadi kwa wafiwa akayasema hayo hayo mbele ya mume, wifi na mama mkwe, wakamfukuza, akarudi wiki iliyofuata, wakamfukuza tena, na mara ya tatu mama yule mwenyewe akasema, "Mwacheni aingie, huyu angalau hajanidanganya." Mama huyo tunaye hapa leo, watoto wake watatu waliofuata walipokelewa na mama yangu, na ndiye aliyenisihi nisikiruke kipande hiki.

Tangu hapo, kila mjamzito, awe mke wa mkubwa au mfagia soko, aliambiwa kwanza, "Nenda msalani, mwanangu, halafu uje tuongee," naye mama akapasha viganja kwa kushika kikombe cha maji ya moto, akapapasa kutoka chini ya mbavu hadi kwenye nyonga, akautafuta mgongo wa mtoto, akasikiliza moyo kwa pembe ya mbao, kisha akamwambia mwenye tumbo ainuke, atembee hadi mlangoni, arudi kulala, akampima upya kana kwamba hajawahi kumwona. Wenzake walimbandika jina la Bibi Msalani, na benchi likinung'unika, "Leo tutazalia hapa hapa," alijibu bila kuinua macho, "Zaeni, mkunga si nipo?"

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na baba yetu, seremala, ambaye aliitwa kurekebisha kitanda cha kupimia wajawazito, akakirekebisha mara tatu ingawa kilivunjika mara moja. Walijaliwa watoto wanne, mwaka 1978, 1980, 1983 na 1987, na yule wa tatu alikuwa amelala kwa kukingama tumboni, mama akaligundua mwenyewe akiwa chali kitandani kwake, akafunga mkoba, akaenda hospitali kubwa kabla uchungu haujaanza, akarudi na mshono na mtoto mzima.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, lakini wajawazito walimfuata nyumbani, akawapima na kuwarudisha kliniki, hakumzalisha hata mmoja sebuleni. Kisukari kilimpata mwaka 2015, figo zikaanza kushindwa mwaka 2022, naye akatuficha jambo moja. Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 alimpima mjukuu wake, binti yangu, akasema mtoto amekaa kitako, tukakimbilia hospitali, na picha ikaonyesha kichwa kiko chini, kimetulia. Binti yangu akamwambia, "Bibi, leo umekosea." Mama alitazama vidole vyake kitambo, akasema, "Afadhali kosa la upande huu, limekuchosha miguu tu," kisha akatuambia kwamba vidole vimekufa ganzi tangu mwaka jana, na kwamba aliona aibu kusema.

Siku hiyo hiyo alitutajia wajawazito watano aliowapima tangu Januari, akatuamuru twende mlango kwa mlango tuwaambie wakapimwe upya. Kaka yangu alisema, "Mama, utajivunjia heshima uzeeni," naye akajibu, "Heshima yangu haizai mtoto, vaa viatu." Tulikwenda. Wanne walikuwa salama, na wa tano, ambaye mama alimhakikishia kwamba kichwa kiko chini, mtoto wake alikuwa ametanguliza matako, akafanyiwa upasuaji tarehe 3 Juni, akapata binti. Habari hiyo ilimkuta mama wodini alikolazwa kwa ajili ya figo, hakutabasamu, aliuliza, "Na mama yake?" akaambiwa mzima, ndipo akageukia ukutani akalala. Alituaga Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiacha watoto wanne, wajukuu tisa na kitukuu mmoja wa siku sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, wakunga wa kituo chake waliopokezana zamu ya kumwogesha, majirani waliotupikia, na zile familia tano zilizotufungulia mlango na kutusikiliza bila hasira.

Mama, ulilolijua ulilifanya, na usiloweza tena ulilisema, sasa pumzika kwa amani ya Mungu aliyekuumba.