Siku Duka la Mama Taratibu Lilipofunguliwa Tena

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, walimu wetu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi majirani zangu ambao hamkualikwa ila mmesikia spika ikinguruma mkaja mbio: hamjambo? Karibuni nyote. Na kwa heshima ya pekee karibu wewe, Mama Taratibu, uliyekaa pale mbele na binti yako, ukijifanya kama shughuli hii haikuhusu.

Mimi ni fundi cherehani, si msemaji. Kamati ilinichagua kuwa mwenyekiti kwa sababu siku ya kikao nilichelewa kufika, nikakuta wameshanipa kazi. Basi nivumilieni.

Kwa wageni wasiojua, duka hili lililo nyuma yangu ndilo tulilonunulia kila kitu, kuanzia sindano hadi sanda. Na mwenye duka, mama huyu, hakupewa jina la Taratibu bure. Ukiingia, hata kama duka halina mtu, atakuambia, "Kaa kwanza, mwanangu." Unakaa kwenye benchi. Yeye anapanga makopo, anafuta mizani, anakuuliza hali ya mgonjwa wako. Anaingia mwingine, naye anaambiwa akae. Nani kati yetu hakuwahi kununa kwenye benchi lile? Na nani hakuondoka pale na habari, ushauri au kicheko ambacho hakukifuata?

Mtakumbuka fundi mwashi na shemeji yake seremala walivyonuniana, wakawa wanapishana njiani kama hawajuani. Siku moja seremala alifuata misumari. Mama akamweka mpaka mwashi alipotokea, akawakalisha benchi moja, akaanza kuchambua misumari mmoja mmoja, eti mingine ina kutu. Seremala uvumilivu ukamwishia: "Shemeji, huyu mama leo kaamua tulale hapa?" Mwashi akaangua kicheko. Waliondoka wameshikana mikono, misumari wakaisahau dukani. Msicheke sana, wenyewe wako hapa, na ndio walioezeka paa hili jipya.

Kisha miguu ya mama ikaanza kumsumbua, binti yake akamchukua akamtunze mjini, duka likafungwa. Simlaumu binti. Angekuwa mama yangu ningefanya vivyo hivyo. Ila sisi tulibaki tunasalimiana kwa mbali, kila mtu na geti lake.

Vijana wetu ndio waliosema sasa basi. Walipaka rangi, wakaweka vigae, wakaingiza friji, na mbele wakafunga nondo zenye kitundu cha kupitishia bidhaa. Nawapongeza kwa dhati. Lakini mnaikumbuka ile wiki ya majaribio? Unasimama kitunduni, unataja, unapewa, unaondoka. Mimi nilinunua uzi nikarudi nyumbani kabla pasi haijapata moto. Duka lilikuwa linauza vizuri, na hakuna aliyelifurahia. Tulikaa vikao, tukalaumu rangi, tukamlaumu hata mchoraji wa kibao, maskini ya Mungu. Mwisho tukampigia simu Mama Taratibu, tukamsimulia uzuri wote huo. Akauliza jambo moja tu: "Sasa watu wanakaa wapi?"

Tukatazamana. Benchi lilikuwa uani, kuku wamelala juu yake.

Ndiyo maana leo mnaona nondo zimekatwa, friji limesogezwa pembeni, na benchi limerudi, tena limepata mwenzake. Muuzaji wetu mpya amefundishwa kuchelewa. Bado mara nyingine anajisahau anahudumia haraka, lakini tunamrekebisha.

Sasa naomba niseme na binti wa Mama Taratibu, mbele ya watu, maana nikikufuata pembeni nitalia. Mwanangu, tunajua gari linawasubiri jioni limrudishe mama mjini. Kwako anakula vizuri, analala pazuri, na daktari yuko karibu. Lakini mwenyewe aliniambia kwenye simu kwamba kutwa nzima anaongea na televisheni, nayo haimjibu. Hapa chumba chake cha nyuma ya duka tumekisafisha. Choo tumekijenga humo humo ndani kwa ajili ya miguu yake. Nesi wetu, yule pale, ameahidi kumpima kila wiki. Na usidhani tunamtaka kwa ajili ya biashara, kwani biashara itajiendesha. Tunamtaka yeye. Tumemkosa mno, mwanangu. Je, utatuachia, hata kwa muda mfupi tu?

Mbona unacheka? Unasemaje? Mpeni maikrofoni… Haya, hataki. Basi namsemea: anasema nitazame mkoba ulio miguuni pake. Anasema humo kuna dawa za mama za miezi mitatu, ambazo amezibeba tangu nyumbani bila kumwambia mtu, hata mama mwenyewe, na alikuwa anasubiri mimi nimalize kuongea ndipo aseme.

Kumbe nimekubembeleza bure, mwanangu! Na kamati nzima haijapata usingizi!

Mama, umesikia? Umesikia alichosema mwanao? Jamani, mpeni mama kitambaa. Nesi, mshike mkono mmoja, binti amshike wa pili, mama aingie dukani wa kwanza, sisi wengine tutafuata. Nami nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Asanteni sana, ndugu zangu. Karibuni ndani tukae.