Ngoma Isiyochoka

Ndani ya basi la Broad Street, Philadelphia, Bi Earline alijidai amelala, maana ugomvi wa watu hunoga zaidi kwa aliyefumba macho.

Nyuma yake mzee mwenye suti, ngoma ndogo mapajani, alimuuliza kijana mwenye kreti la santuri, "Unakwenda kupigia wapi?"

"Harusini, ukumbi wa pale Girard. Bibi harusi kakataa bendi. Anataka ule wimbo unaoongoza chati."

"Bibi harusi huyo ni mwanangu."

Bi Earline akafumbua jicho moja.

"Bendi zinachoka, mzee," kijana akasema. "Ngoma ya wimbo huu haitetereki mwanzo hadi mwisho. Hakuna binadamu wa kupiga hivyo."

"Aliyepiga ni mimi. Nilipiga kipande kidogo tu studio, nikatoka kunywa kahawa. Huku nyuma wenye studio wakakata utepe wa kurekodia, wakauunga kichwa na mkia, kipande kikawa kinajirudia bila kukoma. Niliporudi wakaniambia nenda nyumbani, tumeshakupata."

"Sasa hasira za nini? Si mwanao atacheza ngoma yako?"

"Usinifundishe furaha, we mtoto. Atacheza kipande changu. Mimi mzima nimewekewa kiti pembeni, na ngoma nimeambiwa niiache nyumbani."

Bi Earline aliitazama ngoma ile ambayo haikuachwa nyumbani.

Basi likasimama Girard. Kijana akanyoosha mkono amsaidie kubeba ngoma. Mzee akaikumbatia kifuani.

"Beba hiyo yako," alisema, "isiyochoka."