Wajina wa Fruma

Nthiga: Haloo? Ni nani huyo?

Kaari: Guka, ni mjukuu wako Kaari. Napiga kutoka shuleni, Kibirichia. Umeamkaje huko Runyenjes?

Nthiga: Aa, mwalimu wetu! Niko ngangari. Nimepalilia ekari tatu za kahawa kabla ya chai.

Kaari: Na una miti kumi tu ya — [mkwaruzo] — sikiza. Leo watoto wanakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi. Nikawasimulia ile yako.

Nthiga: Ya baba yangu? Hiyo ni kweli tupu! Naapa mbele ya Mungu na kamati nzima ya kanisa. Baba alivunja lango la kambi ya Wanazi kwa bega! Kasichana kakatoka, akakapa kiazi —

Kaari: Guka.

Nthiga: — bado cha moto, alikitoa hapa Embu ndani ya —

Kaari: Guka, tuna mgeni. Nyanya Myahudi wa miaka themanini na tano. Alifichwa na mkulima, chini ya sakafu ya zizi. Dada yake akapelekwa kambini. Fruma. Miaka tisa.

Nthiga: Oh.

Kaari: Tangu asikie hiyo hadithi hajaachilia mkono wangu. Anauliza huyo msichana alikuwa na nywele za rangi gani. Yeye alikuwa mdogo sana, hakumbuki za Fruma. Na picha aliyo nayo haina rangi.

Nthiga: Nywele... ee...

Kaari: Guka?

Nthiga: Mtandao huku —

Kaari: Mtandao uko sawa.

Nthiga: Mwambie nyeusi. Wengi si huwa —

Kaari: Guka! Baba yako alifika huko ama hakufika?

Nthiga: Alikuwa akipikia askari uji, Isiolo. Hakuwahi kuona bahari. Kiazi niliongeza mimi. Watu walikuwa wanakipenda.

Kaari: Sasa nimwambie nini?

Nthiga: Mwambie nimekufa.

Kaari: Anakusikia ukiongea.

Nthiga: Kaari... dada yangu alipokufa, wewe ukapewa jina lake. Mpaka leo namwita, anaitika. Huyo Fruma, ni nani alipewa jina lake?

Kaari: Nilimuuliza. Hakuna. Nyumba yote iliisha, na yeye hakujaliwa mtoto.

Nthiga: Hata mmoja?

Kaari: Hata mmoja. Nikupe yeye? Mwalimu Mukiri atamtafsiria.

Nthiga: Ngoja, ngoja, kredo yangu inaisha —

Kaari: Ni mimi nimepiga, Guka.

Nthiga: [anakohoa] Haya. Mpe.

Kaari: Ongea. Iko sikioni mwake, na nimeweka spika Mwalimu asikie.

Nthiga: Mama... mimi ni Nthiga. Baba yangu hakumwona dada yako. Hakufika kabisa. Kile kiazi... hakuna mtu alimpa kiazi. Ni mimi niliongopa. Mama? Kaari, anasema nini?

Kaari: Ametoa simu sikioni. Ameinua ile picha, anaionyesha simu.

Nthiga: Mwambie sioni.

Kaari: Guka —

Nthiga: Mwambie ukweli, Kaari. Mwambie sioni.