Ni Mimi Niliyeshika Rimoti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto kwanza, maana leo nitakuomba usikilize mpaka mwisho.

Leo tunamkumbuka Mwalimu Marlys Tvedt, aliyefundisha hesabu na kuiongoza timu ya roboti ya sekondari yetu hapa Birch Narrows. Alifariki wiki iliyopita nyumbani kwake, kwa maradhi ya moyo. Wengi wenu mnamjua kwa jambo moja tu. Mnamjua kuwa ndiye kocha aliyedanganya, akaipotezea shule msimu mzima. Leo tutalizungumza jambo hilo hilo. Dada yake amekubali, na binti mmoja amekubali. Huyo binti simtaji jina kwa sasa. Mtaelewa ni kwa nini.

Tuanze na kitu ambacho Mwalimu hakukificha. Alikuwa mwoga. Simvunjii heshima, mwenyewe alisema hivyo. Sisi wengine wakati wa baridi tunakatiza ziwa lililoganda kwa gari. Yeye alizunguka barabara yote ya kaskazini. Wanafunzi walimtania.

"Mwalimu, barafu hiyo inabeba mpaka lori la taka."

"Basi pandeni na taka zenu," aliwajibu. "Mkifika ng'ambo mnisalimie."

Dada yake mkubwa, Bi Dagny, aliniambia hivi: "Marlys alikuwa anaogopa simu ikilia. Anaogopa mbwa aliyefungwa. Utoto wetu wote kazi yangu ilikuwa kumshika mkono gizani."

Sasa njooni kwenye roboti. Zamani timu ile ilikuwa klabu tu ya kuunda roboti na kuzishindanisha, kwenye karakana ya mbao nyuma ya shule. Anayetaka anaingia. Mtoto anayesomeshwa nyumbani, aliyefeli, aliyehamia juzi, wote walipokelewa. Mwendeshaji akiumwa tumbo katikati ya pambano, Mwalimu alikuwa na neno lake: "Uliye karibu, shika." Na aliye karibu alishika rimoti. Ndivyo walivyocheza miaka yote.

Kisha ligi ya michezo ya shule za jimbo ikaipokea roboti, ikaiweka safu moja na hoki na mpira wa kikapu. Mji ulifurahi. Watoto wakapata jaketi zenye herufi ya shule wanazopewa wanamichezo, wakapata basi, bendi ikawapigia. Lakini ligi ina masharti yake. Alama zikishuka, huchezi. Umri ukizidi, huchezi. Ukihama shule na wazazi hawakuhama nawe, unakaa nje mwaka mzima. Ukitaka kuruhusiwa kabla ya mwaka huo kwisha, ligi inawaandikia wazazi wote wawili. Sharti hilo liliwekwa ili shule zisiibiane vijana warefu wa kikapu. Na majina ya wanaoruhusiwa kucheza yanachapwa kwenye kijitabu kinachouzwa mlangoni, ili mashabiki wajue wanamshangilia nani.

Shikeni hilo, wasikilizaji. Ligi inawaandikia wazazi wote wawili.

Vuli moja, kabla ya baridi kuanza, akaja mjini binti wa miaka kumi na sita. Alikuja kwa shangazi wa mama yake, Bi Verna Maki, akiwa na begi moja. Mkono wake wa kushoto haukunyooka kwenye kiwiko. Baba yake alikuwa ameuvunja mara mbili. Bi Verna alimvuta Mwalimu pembeni kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, siku ya chakula cha pamoja, watu wakipakua viazi na nyama ya kusaga.

"Baba yake hajui alipo," alisema. "Akijua, atakuja. Na safari hii hatavunja mkono tu."

Mwalimu alirudisha sahani yake mezani. 

Binti aliomba kuingia kwenye timu. Mwalimu alimwambia ukweli: kufundishwa, sawa. Kufunga nyaya, sawa. Kucheza, hapana, kwa sababu jina lake likienda ligi, barua itaenda kwa baba. Binti akakubali. Akakaa karakanani majira yote ya baridi. Mwalimu alikuwa anafunga mlango kwa ufunguo wakati wa mazoezi, na watoto wakadhani anaogopa upepo.

Machi ikafika, wakaenda mashindano ya kanda. Wakashinda pambano la kwanza, la pili, wakaingia la mwisho. Hapo ndipo Anders Kivela, mwendeshaji wao, akatokwa na damu puani. Damu ikamwagikia rimoti. Muda unakimbia, roboti imesimama, ukumbi mzima unapiga kelele. Binti alikuwa ameshuka tu kutoka jukwaani kuwaletea betri, kavaa kofia na miwani ya usalama kama wote. Na Mwalimu, kwa mazoea ya miaka, akasema bila kufikiri:

"Uliye karibu, shika."

Binti akashika, na wakashinda.

Anders anakumbuka. "Sisi tunarukaruka. Nikamwangalia Mwalimu, kawa mweupe kama karatasi. Akasema, 'Nimefanya nini mimi.' Halafu akatuambia sisi watatu tuliokuwa kiwanjani: mkiulizwa, mlikuwa mnaitazama roboti."

Gazeti la kanda likatoa picha. Haikuonyesha uso. Ilionyesha mgongo, kofia, mikono miwili kwenye rimoti, na mmoja umekunjika kiwikoni.

Siku chache baadaye, mchana, mwanamume alisimama mlangoni pa karakana. Mwalimu alikuwa peke yake mbele. Binti alikuwa chumba cha nyuma, anachambua skrubu, mlango umerudishwa nusu.

"Samahani kukusumbua, Mwalimu," alisema yule bwana. Alikuwa na adabu. Alikuwa amevua kofia. Mkono mmoja ameshika kijitabu cha mashindano, mwingine gazeti. "Nimesoma majina yote humu. Jina la binti yangu halimo. Lakini huu mkono naujua."

Bi Dagny anasema ndugu yake alimsimulia jambo hili mara moja tu, na alipofika hapa alishindwa kuendelea, akaomba maji.  Mwalimu aliisikia skrubu moja ikidondoka kule nyuma. Akaliegemea benchi ili asianguke, na akasema kitu cha kwanza kilichomjia.

"Ni mkono wangu huo."

"Wako?"

"Ni mimi niliyeshika rimoti. Kijana wangu alitokwa na damu." Mwalimu alikuwa mdogo wa umbo, mnamkumbuka. Akikaa kati ya wanafunzi humtofautishi. "Kocha haruhusiwi kushika. Kwa hiyo nakuomba, bwana, usiniseme."

 Yule bwana akacheka.

"Kumbe mwalimu mwizi," alisema. "Basi tuwaulize ligi, tuone kama na wao watakuamini."

Akampigia simu ofisa wa ligi palepale, amesimama mlangoni. Alipoondoka, Mwalimu alikwenda chumba cha nyuma. Binti alikuwa amejibana chini ya meza, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mwalimu akaingia chini ya meza naye. Wakakaa humo, wote wawili wakitetemeka, wala hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba mambo yatakuwa sawa.

Ligi ikaitisha kikao cha wazi. Yeyote angeweza kuingia, na yule bwana aliingia, akakaa mstari wa mbele. Wasikilizaji wapendwa, fikirini. Mwalimu akisema ukweli, jina linatoka. Akisema hakumbuki, watachunguza, na jina linatoka. Mwenyekiti alimuuliza kwa upole, maana alimheshimu.

"Mwalimu Tvedt, miaka yote hii hujawahi kuvunja sharti hata moja. Kuna mwanafunzi unamkinga?"

"Hakuna. Nilitaka kushinda."

"Tuonyeshe ulivyoshika."

Akainua mikono yake mitupu mbele ya watu. Wa kulia sawa. Wa kushoto akaukunja kiwikoni, kama kwenye picha, na akauacha hivyo.  

Yule bwana aliutazama mkono ule mpaka kikao kilipofungwa. Kisha akavaa kofia yake, akaondoka, akaenda kumtafuta binti yake kwingine.

Mengine mnayajua. Ushindi wote ulifutwa. Mwalimu Tvedt alifungiwa maisha kuongoza timu yoyote. Jina lake likabandikwa kwenye ukurasa wa ligi, kocha aliyeendesha roboti mwenyewe, na liko huko mpaka leo. Mtu aliandika "mwizi" kwenye theluji juu ya kioo cha gari lake. Pale dukani watu waligeuza vitoroli vyao wasipishane naye. Aliendelea kufundisha hesabu, na aliendelea kuogopa. Kila gari geni likipunguza mwendo karibu na nyumba ya Bi Verna, alimpigia simu kumwonya. Yeye aliyeogopa simu.

Anders na wenzake wawili walinyamaza miaka kumi na moja. Baba zao waliwauliza, nao wakasema walikuwa wanaitazama roboti.

Yule bwana alifariki mwaka juzi, mbali na hapa. Binti, sasa ni fundi umeme na mama wa watoto wawili, alikuja mbio kumwambia Mwalimu kwamba sasa wanaweza kusema. Mwalimu akamkaribisha kahawa, akafunga mlango, akachungulia dirishani.

"Una hakika amekufa?" aliuliza. "Umeona kaburi?"

Binti akamwambia ameliona. Mwalimu akasema tungoje kidogo. Wakangoja. Hakupata kuwa na hakika mpaka anaingia kaburini yeye mwenyewe.

Bi Dagny, pokea pole zetu. Pole kwa ukoo wote wa Tvedt, na kwa kila aliyefundishwa kugawanya na kuzidisha na mwanamke yule mdogo wa umbo. Na sisi tuliogeuza vitoroli, tukae kimya leo jioni, tujiulize tulimhukumu kwa ushahidi gani. Ligi nayo ijiulize barua zake huwa zinafika mikononi mwa nani.

Binti alikuja studio jana. Anders na wenzake wameandika maombi kwa ligi ifute lile tangazo, na ligi imewajibu kwamba lazima ajulikane ni nani aliyecheza. Nilimwambia anaweza kutia saini tu, si lazima azungumze hewani. Akasema atazungumza. Nikawasha kinasa sauti. Alianza, akaacha, akageuka kuutazama mlango wa studio. Nikauliza kama niufunge. Akasema uache wazi. Hii ndiyo sauti yake.

"Jina langu ni Corliss Ruohonen. Ni mimi niliyeshika rimoti."