Herufi Kumi na Mbili

FUNDI: Haloo, nani mwenzangu?

DADA: Ni mimi.

FUNDI: Mimi nani? Niko juu ya ngazi hapa kwenye ofisi ya watu, navuta waya, sema upesi—

DADA: Dada yako.

FUNDI: Ngoja nishuke.

DADA: Kumbe namba yangu uliifuta.

FUNDI: Nilibadilisha simu. Hujambo?

DADA: Sijambo. Sikia, niko nyumbani, nimekaa mbele ya kompyuta ya mama. Ile diski ya Z uliyotuwekea, inayofungua kile kisanduku cheusi cha kuhifadhia, imepigwa eksi nyekundu. Nikiibofya inafikiria weee, halafu inaniambia haipatikani.

FUNDI: Miezi saba hatujasemeshana, leo unanipigia kwa ajili ya kompyuta.

DADA: Mdogo wangu, tutagombana baadaye. Mama yuko hospitali.

FUNDI: Unasemaje? Sauti inakatika—

DADA: Mama. Hospitali. Aliteleza jana bafuni, nyonga imevunjika. Wanampasua saa nane.

FUNDI: Tangu jana? Na mimi naambiwa leo?

DADA: Nilipiga ile namba yako ya zamani mpaka nikachoka. Hii nimepewa leo na mama mdogo, ndiye yuko naye kule.

FUNDI: Endelea.

DADA: Daktari wa usingizi ameuliza kama mama aliwahi kupasuliwa. Nikamwambia ndiyo, na ile sindano ya usingizi nusura imuue. Akasema nitajie jina la dawa, la sivyo nabahatisha. Ile karatasi yenye jina uliiskani wewe. Yenyewe ililowa mwaka juzi paa lilipovuja.

FUNDI: Iko humo. Folda ya hospitali. Sasa hivi ni saa saba na—

DADA: Na dakika ishirini. Fanya unavyofanya.

FUNDI: Kisanduku kina taa?

DADA: Kina taa ya kijani, inakonyeza.

FUNDI: Waya wake umeingia kwenye ruta?

DADA: Umeingia. Ruta yenyewe ni mpya lakini. Watu wa intaneti walikuja kuibadilisha mwezi juzi.

FUNDI: Aa. Basi kosa ni langu. Diski niliifunga kwa namba ya anwani, na ruta mpya imekipa kisanduku namba nyingine. Kompyuta inabisha hodi nyumba waliyokwisha kuhama. Wateja nawakataza kila siku, kwetu nikafanya shaghalabaghala.

DADA: Niambie nibonyeze nini.

FUNDI: Bofya Z kwa kitufe cha kulia. Chagua kuikata.

DADA: Imekatika. Imeondoka kabisa, sijaharibu?

FUNDI: Hujaharibu, vitu viko kwenye kisanduku, Z ni mlango tu. Sasa pale juu, kwenye kale kamstari ka anwani, andika vile vimstari viwili vinavyolalia nyuma—

DADA: Vipi? Nina cherehani mimi, sina shahada.

FUNDI: Juu ya Enta. Viwili. Halafu andika kabati, herufi ndogo. Ndilo jina la kisanduku. Jina halibadiliki hata ruta zibadilishwe kumi.

DADA: (mtandao unakwaruza) ...limekuja dirisha. Linataka jina na neno la siri.

FUNDI: Jina ni nyumbani.

DADA: Najua. Na neno la siri ni mwaka wa mama wa kuzaliwa. (anaandika) Limekataa.

FUNDI: (kimya)

DADA: Limekataa tena. Upo?

FUNDI: Nipo. Sikia, tufanye hivi. Nyuma ya kisanduku kuna katundu, chukua sindano yako, ubonyeze mpaka kilie. Kitafuta neno la siri, tutapanga upya.

DADA: Itachukua muda gani?

FUNDI: Nusu saa. Kikigoma, zaidi.

DADA: Nusu saa sina. Saa nane itakuwa imefika. Kwani hili neno halijulikani?

FUNDI: Linajulikana.

DADA: Nani analijua?

FUNDI: Mimi. Nililibadilisha siku ile naondoka.

DADA: Siku mama alipokataa kuhamia kwako.

FUNDI: Siku ulipomlisha maneno akakataa. Ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa nimepandwa na hasira, dada, nataka ulijue hilo kwanza—

DADA: Utaniambia nitakapouliza. Litaje.

FUNDI: Nikuandikie kwenye ujumbe, nikate simu?

DADA: Mtandao wenyewe huu, ujumbe ufike kesho? Taja herufi, naandika.

FUNDI: S. I. N. A.

DADA: Sina.

FUNDI: D. A.

DADA: Ndiyo.

FUNDI: D. A.

DADA: (kimya)

FUNDI: Umeandika?

DADA: Naandika. Endelea, saa inakwenda.

FUNDI: T. E. N. A. Zote ndogo, zimeshikana.

DADA: Kumi na mbili.

FUNDI: Kumi na mbili.

DADA: (anabonyeza) Imefunguka.

FUNDI: Dada, nisamehe. Naona aibu.

DADA: Folda ya hospitali... hii hapa. Karatasi ya pili. Jina refu, limepigiwa mstari mwekundu. Nalipiga picha. Namtumia mama mdogo... inazunguka... imekwenda. Ameona. Anakimbia nayo kwa daktari.

FUNDI: Alhamdulillahi.

DADA: Saa ngapi hiyo?

FUNDI: Saa nane kasoro robo. Dada, usikae na lile neno mle ndani. Nitakuelekeza, tulibadilishe sasa hivi, ni dakika mbili.

DADA: Sina dakika mbili. Ngoja, huyu wa salio ananisemesha sikioni. Dakika moja imebaki.

FUNDI: Nikupigie mimi?

DADA: Natoka, bodaboda iko mlangoni. Hilo neno sitaligusa. Uliliandika ukiwa kwenye kiti hiki, utakuja kulifuta kwenye kiti hiki, na mimi nimesimama hapa nakuona.

FUNDI: Nakuja. Namwachia mwenzangu ngazi, napanda basi la saa tisa. Mama akiamka mwambie—

DADA: Sitamwambia kitu. Atakuona. Nguo za kubadili chukua, maana hatoki leo wala kesho, na zamu za usiku tutagawana mimi na—

(Simu inakatika.)